Hii Mainasi Mainasi Imetosha

Wiki ya namba hasi ikifika, pita nje ya darasa la kidato cha kwanza hapa Tukuyu, utausikia wimbo hata kama mvua inapiga bati. "Mainasi mainasi?" anauliza mwalimu. "Plasi!" wanaitikia watoto. Ubao unafutwa. Somo limekwisha.

Mimi nauita wizi. Niliimbishwa hivyohivyo, shule siitaji, na siku ya mtihani nikakutana na hasi 3 toa 4. Nikaona vistari viwili, nikaukumbuka wimbo, nikaandika chanya 7 kwa mbwembwe zote. Nilichapwa. Aliyenifundisha wimbo ndiye aliyenichapa kwa kuuimba.

Sasa twende kituo cha kupimia majani ya chai. Tuseme mama mmoja anadai malipo ya shilingi 180,000. Karani amemkata 60,000 za mkopo wa mbolea, kwa hiyo kitabuni zimebaki 120,000. Mama anang'aka: mbolea hiyo hakuichukua, wamemwandikia ya jirani! Karani anapekua karatasi, anakuta ni kweli, analiondoa deni. Hakuna aliyemtilia mama hata senti mkononi. Kilichofanyika ni kutoa tu, ila kilichotolewa ni deni, na hesabu yake imerudi 180,000. Iandike sasa: 120,000 − (−60,000) = 180,000. Huenda mama huyo aliishia darasa la nne. Lakini mjaribu: mwambie kwamba kutoa siku zote ni kupunguza, kwa hiyo amebakiwa na 60,000, uone kama utatoka kituoni na kofia yako.

Na msiseme hiyo ni hesabu ya mashambani. Mwaka 628, Brahmagupta wa India aliandika kanuni za namba hizi akiziita chanya mali na hasi madeni, na akasema wazi kwamba deni likitolewa kwenye sifuri huwa mali. Ulaya ilisuasua karne nyingi baadaye. Mwaka 1758 Mwingereza Francis Maseres alichapisha kitabu kizima cha kuilalamikia alama ya hasi. Basi mtoto wa Rungwe akikunja uso, amekunja pale walipokunja wasomi. Anastahili jibu, si kibwagizo.

Najua yuko mjuaji atakayesema deni ni hadithi tu, tumpe kitu cha kupima kwa futi. Haya. Kilele cha Mlima Rungwe kiko mita kama 2,960 juu ya usawa wa bahari. Teremka Kyela hadi Matema: maji ya Ziwa Nyasa yako mita kama 475 juu ya bahari, lakini ziwa hilo, huko upande wa Malawi kwenye kina kirefu kabisa, linazama karibu mita 700. Maana yake sakafu yake iko mita kama 225 chini ya usawa wa bahari. Hasi 225, na hakuna anayedaiwa mbolea huko. Kutoka sakafu hiyo hadi kileleni kuna kimo gani? Tofauti hutafutwa kwa kutoa: 2,960 − (−225). Anayepunguza atapata 2,735, yaani mlima uko karibu na sakafu ya ziwa kuliko ulivyo karibu na usawa wa bahari, ilhali bahari iko juu ya sakafu hiyo! Panda kwa miguu: mita 225 kufika usawa wa bahari, kisha 2,960 nyingine. Jumla 3,185. Kujumlisha kumejileta kwenyewe, bila wimbo.

Na hiyo ndiyo maana ya kutoa tangu darasa la kwanza. Tano toa mbili ni kuuliza: mbili iongezwe ngapi ifike tano? Uliza vivyo hivyo kwa tano toa hasi tatu. Tatu za kufika sifuri, tano za kuendelea. Nane. Somo zima ni dakika kumi na kipande cha chaki.

Wapo walimu wanaofanya hivyo, Mungu awape maisha marefu. Wengine siwalaumu sana, kwa madarasa yalivyofurika. Hasira yangu kubwa iko kwingine. Kiswahili kilishamaliza nusu ya kazi hii. Kina neno la kitendo, *toa*, na kina neno la aina ya namba, *hasi*. "Tano toa hasi tatu": sikio lenyewe linajua kipi kinafanywa na kipi kinafanyiwa. Vistari viwili vinavyofanana ubaoni, mdomoni ni vitu viwili. Mtoto anayejua hivyo hawezi kuchanganya "toa hasi nne" na "hasi tatu toa nne" kama nilivyochanganya mimi, kwa sababu la pili halina hasi inayotolewa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 iliandika kwamba Kiswahili kitatumika kufundishia ngazi zote. Tukapiga makofi. Lakini kila Januari mtoto wetu anavuka barabara kutoka shule ya msingi ya Kiswahili kwenda sekondari ya Kiingereza, na getini tunampokonya maneno yake mawili, toa na hasi, tunampa moja la kufanyia kazi zote mbili: mainasi. Kisha, kwa kuwa sasa hasikii tofauti tena, tunamtungia wimbo.