Bafu la Chomboni Huanzia Ngamani

Ndugu yetu mmoja, aishiye na mkewe na watoto wawili ndani ya mashua ya chuma kwenye mifereji ya Uingereza, ametuandikia akitaka ushauri. Anakusudia kulikarabati bafu kabla mama yake hajawasili kutoka Tanga. Fundi amemshauri abandike vigae, aweke choo kikavu kinachotenganisha haja kubwa na ndogo, na kazi iishe kwa siku nne. Mwishoni mwa barua ametaja, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa sakafu karibu na bomba la mvua "inabonyea kidogo".

Hilo ndilo tunaloanza nalo.

Wasomaji wa huku wajue kwamba mashua hizo ni nyembamba mno. Malango mengi ya kupandishia na kushushia vyombo katika mifereji hiyo yana upana wa takriban mita 2.1, na chombo hakina budi kupita humo. Sakafu ya bafu huwa chini ya usawa wa maji ya nje. Kwa sababu hiyo maji ya kuogea hayatoki yenyewe kama nyumbani. Huvutwa na pampu ndogo ya umeme na kutolewa kwenye tundu lililo juu ya usawa wa mfereji. Kiungo kimoja kikilegea, maji huteremka ngamani pasipo mtu kuyaona. Huko huozesha mbao, na chuma huliwa na kutu kutoka ndani. Basi kabla ya kununua hata kigae kimoja, sakafu ifunuliwe, ngama ikaushwe, na mbao mbovu zibadilishwe. Siku nne hazitatosha. Ni heri mama asogeze safari yake kuliko kupokewa juu ya sakafu iliyooza.

Vigae vyenyewe hatuvipendelei. Chombo hutikisika, na viungo vya vigae hupasuka. Tena ni vizito: chini ya sakafu ipo farumi, aghalabu matofali au vipande vya zege, iliyopangwa ili chombo kikae sawa, na mzigo mpya ukiegemea upande mmoja chombo huinama. Paneli nyepesi za plastiki zinafaa zaidi. Fedha itakayobaki inunue mshikio madhubuti wa ukutani kwa ajili ya magoti ya mama.

Kuhusu choo, fundi hakukosea kwa wateja wake wengine. Lakini choo kikavu hutegemea ukavu wake, na familia inayostanji kwa maji itakiharibu kwa muda mfupi, harufu ienee chombo kizima. Choo cha tangi dogo la kuchomoa, la takriban lita 20, hupokea maji, ila hujaa upesi. Ndugu yetu awe na tangi la akiba, naye azoee kulibeba hadi kituo cha kumwagia, kwani kumwaga kinyesi mferejini ni marufuku. (Wazee wetu waliosafiri kwa majahazi wanakikumbuka kile kisanduku kilichoning'inia tezini. Hakikuhitaji ushauri wa mtu.)

Limebaki jambo ambalo mkewe ameliongeza kwa mwandiko wake pembeni mwa barua: bafuni mna hita ya zamani ya gesi, na wakati wa baridi yeye huziba tundu la hewa kwa kitambaa ili watoto wasipigwe na ubaridi wanapooga. Dada yetu, hita inapokosa hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mtu huweza kufa akidhani amechoka tu. Tangu Aprili 2019 kanuni za usalama wa mashua huko zinadai kengele ya kutambua gesi hiyo. Kama hamna, inunuliwe kabla ya kitu kingine chochote. Hita isiwashwe tena mpaka fundi wa gesi aliyesajiliwa aikague. Nacho kitambaa kitolewe leo, msingoje ukarabati.