Matembezi Katika Mji wa Jinja



Ninyi mnaoifuata safu hii mwajua kwamba mwandishi wenu si msafiri. Kazi yangu ni ya mezani, hapa Kacyiru, mtaa wa wizara na makao makuu ya polisi. Na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na mwalimu huwasafirisha wenziwe juu ya ramani hali yeye amesimama na chaki mkononi. Lakini mwezi uliopita nilipata likizo, na mama yangu akanitwika kazi.

"Mwanangu," aliniambia, "nenda Jinja ukanitazamie ile nyumba ya Walukuba kama ingalipo. Na kadi ya marehemu baba yako uichukue."

Wazee wangu walikuwa wakimbizi nchini Uganda. Baba alipakia marobota katika kiwanda kimoja, ambacho sitakitaja jina, kwa muda wa miaka kumi na miwili, na kiwanda kilipofunga milango hakupata kiinua mgongo hata senti. Waliporejea Rwanda mwaka 1994 mama alikuja na watoto, sufuria mbili, na kadi ya kazi ndani ya kopo la majani ya chai. Kopo hilo liko kabatini hadi leo.

Basi nilipanda basi la usiku, tukavuka mpaka Gatuna, na kesho yake mchana nikaingia Jinja, mwendo wa kilomita 80 hivi mashariki ya Kampala. Siku hizi mto Nili huvukwa juu ya daraja jipya lililoning'inizwa kwa nyaya, ambalo lilifunguliwa mwaka 2018. Zamani magari yalipita juu ya bwawa lenyewe. Na bila ya bwawa hilo huwezi kuufahamu mji.

Bwawa la Owen Falls lilifunguliwa na Malkia Elizabeth wa Uingereza mwezi wa Aprili 1954, likiwa na mitambo ya kufua umeme. Maji yalipopanda yaliyafunika maporomoko ya Ripon, pale Mwingereza Speke aliposimama mwaka 1862 akayatazama maji yakitoka ziwani kuanza safari ya Misri. Kwa umeme huo viwanda vilimiminika: vya nguo, vya mbao, vya chuma. Shaba ya Kilembe, iliyochimbwa magharibi kabisa ya nchi, ililetwa Jinja kwa reli ili iyeyushwe. Kijana aliyetafuta kazi katika Uganda ya miaka ya sitini hakuulizwa anakwenda wapi.

Nilianza matembezi yangu katika barabara kuu. Maduka yamesimama bega kwa bega, mengi yakiwa ya Wahindi waliofika na reli na pamba. Juu ya paa, upande wa mbele, kuna ukuta wa urembo ulionakshiwa kwa lipu, miale ya jua, duara na ngazi, na katikati pameandikwa jina la mwenye nyumba na mwaka wa kujengwa. Unaweza kuusoma mji kama daftari la mahudhurio darasani! Mbele ya maduka kuna baraza ndefu yenye paa, inayounganika duka kwa duka, hata mtu aweza kutembea kitambo kirefu mvua ikinyesha asilowe. Nyuma kuna ua, jiko na ghala. Dari ziko juu sana, na karibu nazo vitundu vya kutolea hewa ya moto. Akina mama wanaopika katika nyumba zetu hizi za kisasa, zenye dari fupi na vioo visivyofunguka, wangeyaonea wivu majiko hayo.

Mwezi wa Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke. Nyumba zao zikawekwa chini ya Bodi ya Amana, zikagawiwa wapangaji, na kwa miaka mingi aliyepanga hakuona sababu ya kupaka rangi nyumba isiyo yake. Viwandani vipuri vilikosekana pamoja na fedha za kigeni za kuvinunua. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika. Kisha ikaja vita ya 1979. Mashine zikanyamaza moja baada ya moja. Kuna jambo ambalo sikulitarajia: umaskini huohuo ndio uliozihifadhi nyumba, maana aliyekosa fedha ya kupaka rangi hakuwa na fedha ya kubomoa pia. Tangu miaka ya tisini baadhi ya wenyewe walirudi, wengine wakauza. Sasa ziko zilizopakwa rangi na kuuza kahawa kwa wageni, na jirani yake mti umeota ukutani. Jinja ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2020, na naogopa kwamba fedha zitafanya lile ambalo ufukara haukulifanya.

Wasomaji wetu wa jeshini watapenda kujua kwamba Jinja ni mji wa kambi tangu enzi ya King's African Rifles. Hapo ndipo askari walipoasi tarehe 23 Januari 1964, siku tatu tu baada ya wenzao wa Tanganyika, kwa ajili ya mishahara na vyeo.

Walukuba iko upande wa mashariki, mbali na baraza zile. Ni mtaa uliojengwa na serikali ya kikoloni kwa wafanyakazi Waafrika, nyumba ndogo safu kwa safu. Jamaa wanaokaa katika kota za polisi au za jeshi hawahitaji nieleze: ukuta mmoja kwa majirani wawili, na ugomvi wa huku husikika kule. Hakuna nakshi, wala mwaka, wala jina la mtu. Watu wa makabila mengi waliishi hapo, na Kiswahili kiliwapatanisha. Hata mimi nilisalimu kwa Kiswahili nikajibiwa.

Mzee mmoja alinipeleka hadi kwenye safu aliyoitaja mama. Nyumba ingalipo. Bati ni jipya, mlango ni wa chuma, na mwanamke aliyekuwa akikaanga mandazi mlangoni alinikaribisha ndani bila kuuliza mengi. Chumba ni hatua nne kwa tano. Nilizipima kwa miguu, nikakumbuka kuwa humo walilala watu saba.

"Baba yako alikuwa wa kiwanda gani?" mzee aliuliza. Nilimwonyesha kadi. Akacheka kidogo, akaingia kwake, akatoka na yake. Rangi ileile, mhuri uleule.

Kiwandani nilimkuta mlinzi. Geti lina kutu, na uwanjani wamepanda mahindi. Aliiangalia kadi pande zote mbili kwa heshima kubwa, akanirudishia, akasema kwamba watu huja na kadi kama hizo kila mwaka, na kwamba hana pa kuwaelekeza.

Hapa Kigali nasi tumehamisha viwanda kutoka bonde la Gikondo kwenda Masoro, ili bonde lirudi kuwa la maji na ndege. Ni uamuzi mzuri. Ila wakati basi likishuka mjini niliyatazama mabonde yale nikijiuliza wapakiaji wake kadi zao wameziweka wapi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Aliirudisha kadi katika kopo, akafunga kifuniko.

"Na bomba la maji?" aliuliza. "Lile la mwisho wa safu, bado watu wanapanga foleni?"

Sikuwa nimelitazama.