Tusiue rafiki wa mihogo wakati wa joto

Wapendwa wanakoperativu wa Kindu na vijiji vya kandokando ya Lualaba,

Kila kiangazi tunaulizwa neno lilelile: "Tununue dawa gani kwa vidudu vyeupe vya mihogo?" Sisi tunasema: mbele ya kutoa feza, tujue kwanza dawa ile itaua nani.

Kidudu hicho, koshenili, kilitoka Amerika ya Kusini, kikaonekana kwetu mwanzoni mwa miaka ya 1970, upande wa Kinshasa. Pengine kiliharibu hata 80% ya mavuno. Aliyekishinda ni nyigu mdogo sana, Anagyrus lopezi, aliyetoka Paraguay na kuachiliwa Afrika mwaka 1981 na watafiti wa IITA. Anataga yai ndani ya koshenili, na mtoto wake anaila toka ndani. Mkulima hakulipa hata franka moja.

Sasa joto linaingilia kazi hiyo. Koshenili inabeba bakteria mwilini, zinazoitengenezea chakula ambacho utomvu hauna. Kwa vidukari, ambao nao wananyonya utomvu, watafiti wameona joto kali linaua bakteria za namna hiyo, na mdudu anazaa kidogo. Basi joto linatusaidia? Tusifurahi haraka. Nyigu wa aina hii mara nyingi wanashindwa na joto mbele ya mdudu wanayemla. Tena kiangazi hakuna mvua ya kuosha koshenili kwenye majani.

Kweli, ukipuliza dawa, vidudu vingi vinaanguka. Lakini nyigu aliyebaki naye anakufa, na koshenili iliyojificha katika ncha zilizokunjamana inazaa tena bila adui. Na sombe hiyohiyo tunaipikia watoto!

Feza ya koperativu iende kwa vipandikizi safi na kwa kazi ya kufunika udongo kwa majani makavu. Muhogo wenye nguvu unalea koshenili kubwa, na ndani ya koshenili kubwa nyigu anapata watoto wengi wa kike, ambao ndio watakaotaga kesho. Tuache pia miti michache ya kivuli kandokando ya shamba.

Ukiona koshenili iliyokauka, imevimba, rangi ya kahawia, iache hapohapo: ndani yake kuna nyigu anayekua. Mkutano wa mbele ya kiangazi uamue jambo hili, kusudi mtu mmoja asipulize dawa na kuua nyigu wa mashamba ya jirani zake.