Kompyuta Mpya Si Dawa ya Leja Nzito

Wafanyabiashara wengi waliohamishia mauzo na madeni kwenye kompyuta wana kilio kimoja: programu iliyokuwa ikijibu papo hapo siku ya kununuliwa, baada ya miaka miwili mitatu inamwacha mteja amesimama kaunta. Anayeitwa kwanza ni muuza mashine. Hapo ndipo mtaji unapopotea bure.

Jedwali la ankara lisilo na faharasa husomwa mstari kwa mstari. Likiwa na mistari 1,000 hakuna anayeona tatizo. Likifika 1,000,000, kutafuta madeni ya mteja mmoja ni kupitia mistari yote, yaani kazi mara 1,000. Mashine yenye kasi maradufu hupunguza kungoja kwa nusu tu. Mauzo yakiongezeka maradufu, nafuu hiyo imeliwa.

Faharasa ni orodha ya pembeni iliyopangwa kwa mfuatano, kama majina katika kitabu cha simu. Kwa kugawa nusu kwa nusu, mistari 1,000 huhitaji hatua 10 hivi, na 1,000,000 hatua 20 tu. Hifadhidata nyingi hutumia muundo wa Rudolf Bayer na Edward McCreight wa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambao ukurasa mmoja hubeba vielekezo vingi. Vikiwa 200 kwa ukurasa, kurasa tatu zinatosha kufikia mistari 8,000,000.

Tatizo hujificha. PostgreSQL na MySQL hujiwekea zenyewe faharasa ya namba kuu ya mstari, hivyo ankara ikitafutwa kwa namba hiyo, jibu huja haraka. Jina la mteja au simu yake halina faharasa mpaka fundi aiweke. Hata ikiwekwa, anayetafuta kwa kipande cha katikati ya jina haimsaidii, kama vile kitabu cha simu kisivyomsaidia asiyejua jina linaanza na herufi gani.

Lakini kuweka faharasa kila mahali nako ni hasara. Kila bidhaa inapouzwa, faharasa zote za jedwali hilo hubidi kuandikiwa, na duka lenye foleni litachelewa kuuza. Mbili tatu, kwa yale yanayoulizwa kila siku, zinawatosha wengi.

Mnunuzi wa programu adai ijazwe mistari 1,000,000 ya majaribio kabla ya kulipa, kisha atafute kwa jina la mteja, si kwa namba ya ankara. Muuzaji akisitasita, bei ishuke.