Leseni ya Fundi wa Karo

Sheria ya Usajili wa Makandarasi ya mwaka 1997 yataka kila mkandarasi asajiliwe na Bodi. Vijijini, hata hivyo, karo la nyumba moja mara nyingi ni kazi ya fundi mwashi asiyeulizwa cheti.

Katika tangi la karo, taka nzito hutuama na kuozeshwa na bakteria wasiohitaji hewa. Maji yanayobaki, yangali na vijidudu vya maradhi, huingia shimo la kunyonya. Udongo ndio unaoyachuja. Mwamba ukiwa karibu, hupenya nyufani bila kuchujika. Penye mteremko mkali, huweza kuibuka chini. Na chini ya Vudee, katika Milima ya Upare, kuna Bangalala, ambako maji ya mto huwekwa akiba katika malambo yaitwayo ndiva.

Kwa hiyo haitoshi kumpima fundi kwa unyofu wa ukuta wake. Yapasa kila aombaye leseni aonyeshe kwamba aweza kupima udongo: achimbe shimo dogo, alilowesha, alijaze maji, kisha ahesabu dakika yanavyoshuka. Jaribio hilo hata wanafunzi wa sekondari waliweza. Asiyeliweza asipewe leseni, maana kosa lake hulipwa na aliye bondeni.