Mumiani wa Kuliwa

Mwaka jana mwanzoni mwa Oktoba nilipokea barua ya mdogo wangu, aishiye na mumewe na watoto wao wawili mjini Columbus, katika jimbo la Ohio nchini Marekani. Aliandika hivi:

"Dada, shikamoo. Jirani yetu amewaalika watoto wa mtaa nyumbani kwake jioni ya tarehe 31, na kila mzazi apeleke kitu cha kula chenye sura ya kutisha. Mwanao amekwisha kuwatangazia wenzake kuwa mama yake atapika brauni za mizimu. Shemeji yako hataki kusikia habari ya mizimu ndani ya nyumba. Tena kwenye mwaliko pameandikwa kwa wino mwekundu kwamba asilete mtu karanga, kwa sababu yupo mtoto zinazomdhuru. Nifanyeje?"

Kwa kuwa wasomaji wengi wa ukurasa huu wana ndugu zao ng'ambo, nimeona heri jibu nililompelekea nilitoe hapa, pamoja na makosa tuliyoyagundua njiani.

Tuanze na shemeji. Halloween ni usiku wa kuamkia Sikukuu ya Watakatifu Wote, tarehe 1 Novemba, ambayo kesho yake Wakatoliki huwaombea marehemu, hapa kwetu kama kule. Desturi ya kuchonga taa na kujibadili sura usiku huo ilipelekwa Marekani na wahamiaji wa Ireland na Scotland katika karne ya 19. Makwao walichonga tanipu. Marekani walikuta maboga, makubwa zaidi na mepesi kuchongeka. Leo kwa walio wengi ni mchezo wa watoto na biashara kubwa ya peremende. Hata hivyo zipo familia za Kikristo na za Kiislamu zisizoitaka kabisa, nami siwezi kuzilaumu. Nilimshauri mdogo wangu asibishane na mumewe mbele ya mtoto, bali wakae wawili waulizane ni kipi hasa kinachomchukiza. Ikadhihirika kwamba buibui na popo hana ugomvi nao. Basi mizimu ikaachwa, na mtoto akapata ruhusa ya kwenda na wenzake badala ya kuwachungulia dirishani.

Sasa tuingie jikoni. Brauni ni keki fupi, nzito, nyeusi kwa kakao, ikatwayo vipande vya mraba na kuliwa kwa mkono. Hoteli ya Palmer House mjini Chicago husimulia kuwa ilizaliwa jikoni mwake, pale Bertha Palmer alipotaka kitamutamu cha kuwafungia akina mama waliotembelea Maonyesho ya Dunia ya mwaka 1893. Katika kitabu cha mapishi cha Fannie Farmer cha mwaka 1896 jina hilo lilikuwa la vikeki visivyo na chokoleti hata chembe. Chokoleti iliingia katika chapa ya mwaka 1906. Na tusisahau kwamba kakao ni zao letu pia: Kyela, mkoani Mbeya, wanaijua vema, ingawa sehemu kubwa huondoka nchini ingali mbegu, nasi tukanunua kopo.

Kwa chombo cha mraba chenye sentimita 20 kila upande, tafuta siagi gramu 120, sukari gramu 220, unga wa kakao gramu 65, mayai mawili, unga wa ngano gramu 70, chumvi robo kijiko cha chai na vanila kidogo. Kakao iwe ile chungu, si ile ya kunywa iliyokwisha kutiwa sukari. Mwenye kujali dini yake aelewe kuwa vanila ya maji iuzwayo Marekani kwa jina la vanila halisi huwa na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Ukiiacha, brauni haiharibiki.

Tandika karatasi ya kuokea chomboni, ncha zake zitokeze nje ili baadaye uzishike na kuinua keki nzima. Yeyusha siagi kwa moto mdogo, epua, kisha koroga humo sukari, kakao na chumvi. Mchanganyiko utaonekana wa chengachenga kama mchanga, usitishike. Ngoja upoe hata kidole kivumilie, ndipo utie vanila na mayai, moja baada ya jingine, ukipiga kwa nguvu hadi uanze kung'aa. Unga wa ngano uwe wa mwisho, na ukishapotea machoni acha kukoroga. Hamira haitumiki hapa, wala baking pauda. Uzito huo ndio unaotakiwa.

Oka kwa nyuzi 175 za Selsiasi, dakika 20 hadi 25. Hapa ndipo mdogo wangu alipoponyokwa. Majiko ya Marekani hupima kwa Farenhaiti, na nyuzi 175 za huko hazifiki hata joto la maji yachemkayo. Baada ya saa nzima alikuwa na uji. Kosa lilikuwa langu, kwani sikumwambia azungushe kitufe hadi 350. Bahati njema ile ilikuwa siku ya majaribio. Chomeka kijiti katikati: kikitoka na chembe zenye unyevu, epua mara moja; kikitoka kikavu, umekwisha kuchelewa. Halafu acha ipoe saa moja au zaidi. Ukikata ingali moto itakusambaratikia, na hakuna pambo litakaloshika.

Mapambo waachie watoto. Changanya sukari ya aisingi gramu 120 na maziwa kijiko kimoja kikubwa, ukiongeza tone kwa tone hadi upate uji mzito mweupe, uutie katika mfuko mdogo wa nailoni uliokatwa ncha. Kwa utando wa buibui, paka kipande chokoleti iliyoyeyushwa, na ingali mbichi chora juu yake miduara mitatu myeupe, mmoja ndani ya mwingine. Kisha vuta kijiti toka katikati kwenda ukingoni, mara sita au saba. Utando hujifuma wenyewe, na hata mtoto wa miaka minne hufaulu.

Wa pili ni yule Wamarekani wampendaye sana, maiti wa Misri ya kale aliyezungushiwa vitambaa. Pitisha mistari myeupe ya ovyoovyo juu ya kipande kizima, uache upenyo wa macho mawili. Nilicheka nilipoandika hayo, kwa maana jina la Kiingereza la maiti huyo na neno letu mumiani yana asili moja, nalo ndilo lililowanyima usingizi watu wa pwani na wa Nairobi wakati wa ukoloni, kwa uvumi wa wanyonya damu. Bibi yetu alituingiza ndani magharibi kwa jina hilo. Leo kitukuu chake anampaka sukari.

Wengi huongeza vile vitamutamu vyeupe laini kama pamba viitwavyo mashimelo. Humo mna jelatini, ambayo Marekani mara nyingi hutokana na nguruwe. Mwislamu atafute iliyoandikwa halali, au aache, aisingi yatosha.

Nimeiweka karanga mwisho kwa kuwa ndiyo iliyonitia hofu ya kweli. Mwenye mzio wa karanga mwili wake huzichukulia kama sumu, hata chembe ndogo. Koo laweza kuvimba na pumzi ikakata katika dakika chache. Kutozitia katika unga hakutoshi. Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 inawataka watengenezaji wataje karanga na vyakula vingine saba wanapovitumia, na ufuta umeongezwa tangu tarehe 1 Januari 2023. Lakini lile onyo la kwamba chakula huenda kimegusana na karanga kiwandani ni la hiari, hivyo pakiti isiyo na onyo si dhamana. Chokoleti na viperemende vya macho ndivyo vya kuchunguzwa zaidi. Nilimwambia mdogo wangu aoshe kwa sabuni bakuli, miiko na meza, asitumie kinu ambacho juzi kilisaga karanga za kisamvu, atunze pakiti zote, na ampigie simu mama wa mtoto yule kabla hajanunua kitu.

Alimpigia. Yule mama akamtajia aina ya chokoleti anayoitumia mwenyewe, na jioni ile alizipitia pakiti zote pale mlangoni, moja moja, bila haya. Kisha akamruhusu mwanawe achague. Alichagua mumiani mwenye macho matatu, kazi ya mpwa wangu.

Vipande vilikuwa kumi na sita, na shemeji alirudi na sinia tupu. Vikibaki kwako, vifunike katika bati. Siku ya pili huwa vitamu zaidi, na siku tatu vitakaa pasipo jokofu.