Haki ya Kumsemea Mwenzako

Msichana wa miaka 14 anayeozeshwa hafungui kesi ya kikatiba. Hana wakili, hana nauli ya kufika mjini, na mara nyingi watu ambao angewashitaki ndio hao hao waliopokea mahari. Toleo hili tumelitenga kwa ajili ya haki za msingi zilizomo katika Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, ibara ya 12 hadi ya 24. Waandishi wetu wamezichambua moja moja. Mimi naomba nafasi ya kusemea jambo linalozitangulia zote: nani anaruhusiwa kusimama mbele ya jaji kuzidai?

Tulipata uhuru mwaka 1961 bila haki hizo kuwemo katika Katiba. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilizikataa kwa kuhofia kwamba majaji, wengi wao wageni wakati ule, wangezitumia kuzuia mageuzi ambayo nchi changa iliyahitaji. Hofu hiyo ilikuwa na sababu zake. Lakini mwaka uliofuata, Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilipopitishwa, raia hakuwa na ibara hata moja ya kushika mkononi. Haki ziliingia kwenye Katiba kwa Marekebisho ya Tano ya 1984, na hata hapo serikali ikajipa miaka mitatu ya kusafisha sheria zake kabla mtu hajaruhusiwa kuipeleka mahakamani. Mlango ulifunguliwa Machi 1988.

Mwaka huohuo, wilayani Muleba, mkoani Kagera, mwanamke mmoja wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa wosia wa baba yake. Uzee ulikuwa umemfika na hakuwa na wa kumtunza. Mnunuzi, ambaye hakuwa wa ukoo ule, alimlipa shilingi 300,000. Mtu wa ukoo wake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo kutaka mauzo yafutwe, maana kwa mila za Kihaya, ambazo serikali ilikuwa imeziandika na kuzitangaza mwaka 1963, mwanamke alikuwa na ruhusa ya kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote, ila si kuliuza. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia. Mahakama ya Wilaya ikamkatalia. Shauri likapanda hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inagongana na ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, hivyo mwanamke ana haki ya kuuza kama mwanamume.

Hukumu ile inasifiwa mpaka leo, na inastahili. Hata hivyo tusisahau kwamba bibi yule hakwenda mahakamani kudai haki yake. Alishitakiwa. Isingekuwa pupa ya ukoo wake, ibara ya 13 ingeendelea kulala, na wanawake wengine wa Kagera wasingejua kwamba inawahusu.

Ndiyo maana ibara ya 26(2) ina uzito mkubwa kuliko watu wengi wanavyodhani. Inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuilinda Katiba. Mwaka 1994, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila kuhusu mgombea binafsi, Jaji Lugakingira aliisoma ibara hiyo kwa upana wake: katika nchi yenye maskini wengi na watu wengi wasiozijua haki zao, mwananchi mwenye nia njema anaweza kufungua shauri kwa manufaa ya umma hata kama si yeye aliyeumizwa.

Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipita katika njia hiyo. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliweka umri wa kuoa kuwa miaka 18 kwa mvulana, na wa kuolewa miaka 15 kwa msichana, au hata 14 kwa idhini ya mahakama. Gyumi hakuwa ameozeshwa utotoni. Alikwenda kuwasemea wasioweza kwenda. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema vifungu vya 13 na 17 vya sheria hiyo vinakiuka Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja wa kuvirekebisha. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo.

Kisha, mwaka 2020, Bunge likapitisha marekebisho yaliyomtaka anayefungua shauri la haki za msingi aambatishe hati ya kiapo inayoeleza jinsi yeye binafsi alivyoathirika. Sharti hilo lilipingwa mahakamani, na mabishano yake yakafika hadi Mahakama ya Rufani. Waliolitetea walisema linawazuia watafuta sifa na kuzipunguzia mahakama mzigo. Nawaelewa, lakini siwakubalii. Jaji ana uwezo wa kulitupa shauri la kipuuzi. Hana uwezo wa kulisikiliza shauri ambalo halikuletwa. Kwa kipimo cha sharti lile, Gyumi angeapa nini?

Lipo pia donda la utekelezaji. Ule mwaka mmoja uliotolewa 2016 uliisha bila kifungu kuguswa, na baada ya hukumu ya 2019 serikali haikuwa na rufaa nyingine ya kujificha nyuma yake. Mtikila naye alishinda mwaka 1994, Bunge likabadilisha Katiba yenyewe kumfungia njia. Raia anayeshinda kesi na kukuta sheria iko palepale amedhulumiwa mara mbili.

Nawaomba wabunge mambo mawili. Msipitishe tena sheria inayomtaka Mtanzania athibitishe jeraha lake mwenyewe kabla hajamtetea jirani yake. Na hukumu ya mahakama inapowapa muda wa kurekebisha sheria, leteni muswada kabla muda huo haujaisha. Wewe msomaji, isome ibara ya 26 leo, umsomee na mtu mwingine nyumbani kwako. Ikiwa unamjua mtu anayeonewa na hawezi kufika mahakamani, mtafutie msaada wa kisheria wiki hii.